Mauntini baiki ya ringi kubwa mbele na ndogo nyuma, maana yake nini hasa?

Ukiona mauntini baiki, yaani baiskeli ya milimani, ina ringi kubwa mbele afu ya nyuma imepungua kidogo, usidhani fundi kakosea kufunga, imetengenezwa hivyo makusudi. Siku hizi ringi mchanganyiko, au malet kama waendeshaji wenyewe wanavyoiita, mara nyingi ni inchi 29 mbele na 27.5 nyuma.

Hizo inchi zenyewe ni za makadirio, maana zinahesabu na tairi, na tairi zinatofautiana unene. Kipimo cha uhakika ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye ringi: 29 ni milimita 622, 27.5 ni milimita 584. Tofauti ni 38, ukigawa kwa mbili unakuta ekseli ya nyuma iko chini ya ile ya mbele kwa milimita 19 tu, kama tairi zina unene sawa. Unaweza kusema si kitu, ila ukikaa juu yake unaisikia.

Sasa kwa nini mtu ajisumbue? Kwa sababu ringi mbili za baiskeli hazifanyi kazi moja. Ya mbele ndo inakutana na jiwe kwanza, mzizi kwanza, shimo kwanza, na ikiwa kubwa inapanda juu ya kikwazo bila kugonga kwa nguvu sana wala kukwama, tena kwenye kona inashika ardhi vizuri. Ya nyuma inafuata njia iliyokwisha kufunguliwa, kazi yake kubwa ni kusukuma na kugeuka na wewe, kwa hiyo ikiwa ndogo inashika kasi haraka ukikanyaga, na spoki fupi zinaifanya isipindepinde. Afu kuna jambo watu wanalisema huku wanacheka lakini ni la kweli kabisa, kwenye mteremko mkali unarudisha makalio nyuma ya siti, na tairi la 29 liko hapohapo linakusubiri. Kwa mtu mfupi naona sababu hiyo peke yake inatosha, hizo nyingine ni nyongeza.

Wazo si jipya. Pikipiki za motokrosi zina 21 mbele na 19 au 18 nyuma miaka na miaka. Kwenye baiskeli kampuni ya Specialized walishatoa Big Hit ya 26 mbele na 24 nyuma, Trek nao wakaja na 69er ya 29 na 26, hazikushika sana. Mambo yalibadilika 2019, UCI, yaani shirikisho la dunia la baiskeli, liliporuhusu ringi mchanganyiko kwenye mashindano ya milimani, na mwaka huohuo Mfaransa Loïc Bruni akabeba ubingwa wa dunia wa daunihili, yaani mbio za kushuka mlima, kwa baiskeli ya namna hiyo. Baada ya hapo kila kampuni ikataka ya kwake.

Wengi wanapoharibu ni pale wanapochukua fremu ya 29 wakabadilisha ringi ya nyuma tu wakaona wamemaliza. Nyuma ikishuka, kila kitu kinalala kuelekea nyuma: pedeli zinashuka kama milimita 12 hivi, kwa hiyo zinaanza kugonga mawe, na foku, ule uma unaoshika ringi ya mbele, inalala karibu digrii moja zaidi. Kushuka mlima hapo ni raha, ila siti nayo imelala nyuma kwa hiyo kupanda kunakuwa kazi. Fremu zingine zina kipande kidogo cha kugeuza pale shokapu inapofungwa, ukikigeuza vipimo vinarudi karibu na vya mwanzo, kama yako haina kipande hicho fikiria mara mbili.

Na kama safari zako nyingi ni kupanda na kukimbiza umbali mrefu, baki na 29 zote mbili tu, ringi ndogo ya nyuma inazama kwenye mashimo ambayo ile kubwa ingeyapita, na huenda ukahitaji kubeba tyubu za saizi mbili.