Kufunga habu si kuingiza 4x4
Pale Grogan, mtaa wa gereji jijini Nairobi, ukiinama kuzungusha habu za mbele za pikapu yako (vile vifungo vya katikati ya magurudumu), hukosi wa kukuonya: "Ukifika Naivasha hivyo kwa lami, gia imekufa!" Onyo hili ni la miaka mingi, ila linamlaumu asiye na kosa.

Habu huunganisha gurudumu na shafti yake, basi. Ukiifunga huku kijiti cha 4x4 kikiwa 2H (injini ikisukuma magurudumu ya nyuma tu), difu ya mbele (gia zinazogawia magurudumu mawili nguvu) na propela (mhimili unaoileta nguvu hiyo) huzunguka bure, zikivutwa na magurudumu. Injini haizisukumi. Utasikia mvumo kidogo, na ulaji wa mafuta utaongezeka kiasi.

Kinachoumiza ni 4H (injini ikisukuma magurudumu yote manne) kwenye lami kavu. Kwenye kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma; bila difu ya katikati ya kuruhusu mbele na nyuma kutofautiana kasi, tofauti hiyo hugeuka kuwa msokoto. Usukani unakuwa mzito, gari linajikaza kama limeshikwa breki. Kwenye matope matairi huteleza, msokoto ukaisha.

Habu za otomatiki hujifunga zenyewe ukiingiza 4H, lakini nyingi za zamani hazifunguki mpaka urudishe 2H kisha urudi nyuma mita chache. Wengi husahau hilo la pili. Mimi, kabla ya matope, bado napenda kushuka na kufunga kwa mkono.