Je, wajua kwa nini kodi hukatwa kabla mshahara haujakufikia?

Hati ya mshahara huonyesha kiasi ulichopata na kiasi utakachopokea. Tofauti kati ya viwili hivyo ni makato, na sehemu yake kubwa kwa watu wengi ni kodi ya mapato, fedha ambayo hukuishika hata dakika moja. Tumezoea mno kiasi cha kudhani kodi hii ilizaliwa hivyo. Kumbe kwa wafanyakazi wa kawaida wa Marekani na Uingereza, utaratibu huu ulikuja na Vita vya Pili vya Dunia.

Kabla ya hapo Mmarekani alipokea mshahara wote mwaka mzima, kisha Machi ya mwaka uliofuata akadaiwa kodi ya fedha iliyokwisha kutumika. Mwaka 1939 walipakodi ya mapato walikuwa takriban milioni 4 tu, wengi wao watu wenye nafasi, kwa hiyo kungoja hakukuwaumiza. Vita vikataka fedha, kodi ikashuka hadi kwa makarani na mafundi, na kufikia 1945 walipakodi walizidi milioni 40. Hawa hawakuwa na akiba ya kungojea Machi. Fikiria aliyeacha kazi nzuri akaingia jeshini: ujira wake sasa ni mdogo, lakini deni lake ni la mshahara mnono wa mwaka jana.

Dawa ilikuwa kukata kila siku ya malipo. Hapo ndipo ugumu ulipojitokeza, nami naona ndiyo sehemu tamu ya kisa hiki: ukianza kukatwa kodi ya mwaka huu huku ya mwaka jana hujailipa, utalipa miaka miwili kwa mkupuo. Beardsley Ruml, mweka hazina wa maduka ya Macy's, akashauri mwaka mmoja usamehewe, kwa hoja kwamba Hazina ingeendelea kupokea kodi kila mwaka kama kawaida. Wapinzani wakasema matajiri wangeneemeka kupita kiasi. Bunge likakata shauri katikati, likasamehe asilimia 75 ya kodi ya mwaka mmoja, na makato yakaanza Julai 1943. Uingereza ilifuata Aprili 1944. Ufaransa ilingoja hadi Januari 2019, nayo ikalazimika kufuta kodi ya mapato ya kawaida ya 2018.

Hesabu zenyewe hazifanani. Uingereza kwa kawaida hujumlisha mapato tangu mwaka wa kodi uanze, hivyo ukikatwa zaidi, mishahara inayofuata hurekebisha. Marekani hukata kana kwamba kila malipo yatarudiwa vivyo hivyo mwaka mzima. Aliyefanya kazi miezi michache huenda akakatwa kupita kiasi, na lazima awasilishe ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi yake ya mwaka, ndipo arejeshewe. Wengi hushangilia rejesho hilo kama zawadi, ilhali ni mali yao waliyoikopesha serikali bila riba.

Je, shirika la hisani lililosamehewa kodi? Nalo hukata, kwa sababu msamaha ni wa shirika na kodi hii ni ya mfanyakazi. Fedha iliyokatwa haiwi ya shirika hata usiku mmoja. Nchini Marekani, kiongozi mwenye mamlaka juu ya malipo akiitumia kwa makusudi kulipia pango au umeme badala ya kuiwasilisha, anaweza kudaiwa yote kutoka mfukoni mwake.