Faida ya mwaka mmoja haipimi hisa: dhana potofu kuhusu wastani wa miaka kumi

Tangu ununuzi wa hisa uhamie kwenye simu, Mwanza haina uhaba wa wachambuzi. Kaa kwenye kikao cha kikundi Buzuruga au panda daladala ya Igoma, hutakosa mtu wa kukwambia kwamba kampuni fulani iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam "iko chini", kwa sababu bei yake ni mara saba tu ya faida. Mara saba ya faida ipi? Hapo mazungumzo huwa yanaishia.

Kuna njia ya kulijibu swali hilo. Unachukua faida ya kila hisa (faida ya kampuni ikigawanywa kwa idadi ya hisa zake) kwa miaka kumi mfululizo, unaipandisha kila moja hadi thamani ya shilingi ya leo, unatafuta wastani, kisha unaigawa bei ya hisa kwa wastani huo. Wachambuzi wanaiita CAPE, wengine P/E (yaani uwiano wa bei kwa faida) ya Shiller, kwa jina la mchumi wa Marekani aliyeieneza. Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Shida iko kwenye mambo ambayo watu wanayaamini kuihusu.

"Faida ya karibuni ndiyo ya kweli, ya zamani imeshapita"

Hii ndiyo mama wa dhana zote, na Mwanza hatukupaswa kuiamini hata kidogo.

Nenda Mwaloni, Kirumba, mahali dagaa wa ziwa zima wanapokutana na wanunuzi wa ndani na wa nchi jirani. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Giza likiwa totoro wanaifuata taa na wavu unajaa; mbalamwezi ikishakuwa pevu, mwanga wa taa haufui dafu, na mitumbwi inakaa nchi kavu siku kadhaa. Mvua nazo zikichachamaa, dagaa hawakauki, na mzigo uliolowa unauzwa kwa bei ya kutupa.

Sasa pata picha ya kijana anayetaka kununua mtumbwi wenye injini na taa za sola. Anamuuliza mwenye mali, "Mama, huu kwa wiki unaingiza kiasi gani?" Mama akiwa mjanja anafungua daftari kwenye wiki ya giza na kumwekea kidole kwenye jumla. Akiwa muungwana anamuuliza kwanza, "Mwanangu, wiki ya giza au ya mbalamwezi?" Kijana mwenye akili analiomba daftari lote, anapitia kurasa za giza, za mbalamwezi na za masika, halafu ndiyo anataja bei. Hakuna mvuvi atakayemwona mtata kwa hilo.

Kampuni nazo zina mbalamwezi zake, ila zinachukua miaka badala ya wiki. Kiwanda cha saruji kinavuna serikali inapojenga kwa kasi. Benki inang'ara mpaka mikopo mibovu inapoanza kujitokeza. Ukipima hisa kwa faida ya mwaka wa kilele, itaonekana rahisi wakati ule ule ilipo hatarini. Ukiipima kwa faida ya mwaka mbaya, itaonekana ghali wakati ule ule ambapo pengine inauzwa kwa bei ya kutupa.

Mfano mkubwa wa upotofu huo ulitokea Marekani mwaka 2009. Machi mwaka huo fahirisi ya S&P 500, kipimo cha bei za hisa za makampuni makubwa ya Marekani, ilishuka hadi chini ya 700 baada ya msukosuko wa mabenki. Kwa kuwa faida za makampuni zilikuwa zimeporomoka kuliko hata bei, uwiano wa kawaida wa bei kwa faida ya miezi 12 uliruka na kupita 100 miezi hiyo. Kwa kipimo hicho, hisa hazikuwahi kuwa ghali namna ile. Kwa wastani wa miaka kumi, uwiano ulikuwa kama 13, chini ya kawaida ya soko hilo. Aliyesikiliza kipimo cha mwaka mmoja alikimbia siku za mauzo makubwa ya bei nafuu.

"Wastani wa kawaida unatosha, mfumuko wa bei ni mambo ya wachumi"

Shilingi 60 za miaka kumi iliyopita si shilingi 60 za leo, na kuzijumlisha pamoja kana kwamba hazina tofauti ni kujidanganya. Tanzania imeshapita vipindi vikali: mwishoni mwa 2011 mfumuko wa bei ulikaribia asilimia 20 kwa mwaka, kisha ukatulia na kukaa chini ya asilimia 5 kwa miaka mingi ya karibuni. Kwa nchi yenye historia hiyo, kuacha marekebisho si kosa la desimali.

Tufanye hesabu kwa kampuni ya kufikirika. Faida yake kwa kila hisa, kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa kumi, ni shilingi 60, 70, 44, 92, hasara ya 20, kisha 75, 104, 72, 112 na 195. Fahirisi ya bei za mlaji, yaani kipimo cha jinsi bei za mahitaji ya watu zinavyopanda, kwa miaka hiyo hiyo ilikuwa 100, 105, 110, 115, 120, 125, 130, 135, 140 na 150. Ili kuleta faida ya mwaka fulani kwenye shilingi ya mwaka wa mwisho, unaizidisha kwa 150 na kuigawa kwa fahirisi ya mwaka wake. Shilingi 60 za mwaka wa kwanza zinakuwa 90. Sabini zinakuwa 100. Hasara ya 20 nayo inakua, inafika 25. Ukimaliza mstari wote unapata 90, 100, 60, 120, hasara ya 25, 90, 120, 80, 120 na 195. Jumla 950, wastani 95.

Tuseme hisa inauzwa shilingi 1,900. Kwa faida ya mwaka wa mwisho, 195, bei ni chini kidogo ya mara 10. Hapo jirani yako wa daladala atakwambia ukimbie ukanunue. Kwa wastani uliorekebishwa, ni mara 20. Ni kampuni ile ile, siku ile ile. Na kama ungechukua wastani bila kurekebisha mfumuko, ungepata shilingi 80.40 na uwiano wa karibu 24, ukaikataa kampuni kwa ukali isioustahili. Angalia basi kwamba marekebisho hayaishushi kampuni. Yanaipandishia faida zake za zamani hadi pale zinapostahili.

Fahirisi yenyewe haiuzwi. Ofisi ya Taifa ya Takwimu inaitoa kila mwezi. Kuwa mwangalifu tu na mwaka wa kizio, ule ambao fahirisi inahesabiwa kuwa 100: ofisi huubadilisha baada ya muda, na ukichanganya mfululizo wa kizio cha zamani na wa kizio kipya bila kuunganisha, hesabu yako yote inaharibika kimyakimya.

"Mwaka wa hasara haukuwa wa kawaida, utoe"

Hii inapendwa na wenye hisa mkononi. Eti mwaka ule kulikuwa na ugonjwa, au kodi ilibadilika, au mkurugenzi alikuwa mbovu. Katika mfano wetu, ukiutoa mwaka wa hasara, wastani wa miaka tisa iliyobaki unakuwa kama 108 na uwiano unashuka kutoka 20 hadi 17.5. Tayari umeshajipa punguzo ambalo soko halikukupa. Miaka isiyo ya kawaida hutokea kila baada ya muda, na sababu ya kuchukua miaka kumi ni kuipa nafasi iingie kwenye hesabu. Mbona hakuna anayeomba kuutoa mwaka wa 195?

"Ni mtindo mpya wa maprofesa wa Marekani"

Wa Marekani ni kweli, mpya hapana. Wataalamu wa uwekezaji Benjamin Graham na David Dodd walishauri mwaka 1934, katikati ya mdororo mkuu, kwamba faida ipimwe kwa wastani wa miaka mitano, saba au kumi. Wachumi John Campbell na Robert Shiller walikuja baadaye, miaka ya mwisho ya 1980, wakaongeza marekebisho ya mfumuko wa bei na kuijaribu kwa takwimu za zaidi ya karne moja. Shiller alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2013, pamoja na Eugene Fama na Lars Peter Hansen.

"Uwiano ukiwa juu, bei zitaanguka wakati wowote"

Hapa wanaoharibikiwa ni wale walioielewa njia hii nusu. Mapema Desemba 1996, Campbell na Shiller waliwaeleza wakuu wa Benki Kuu ya Marekani kwamba soko la hisa limepanda kupita kiasi. Uwiano wa miaka kumi ulikuwa kama 28, wakati wastani wake wa tangu 1881 ni karibu 17. Siku chache baadaye mwenyekiti wa benki hiyo, Alan Greenspan, akatoa onyo lake maarufu kuhusu shauku iliyopita kiasi. S&P 500 ilikuwa karibu 740. Soko likaendelea kupanda zaidi ya miaka mitatu, likapita 1,500 Machi 2000, na uwiano ulishafika 44 mwishoni mwa 1999.

Halafu likaanguka kweli. Lakini hata lilipofika chini kabisa Oktoba 2002, lilifungia karibu 777, juu kidogo ya pale lilipokuwa siku ya onyo. Aliyeuza hisa zote Desemba 1996 akisubiri anguko lirudishe bei za siku ile alisubiri karibu miaka sita, na hadi hapo hazikuwa zimerudi. Alichokosea ni kuitumia njia hii kama kalenda. Uwiano mkubwa umekwenda pamoja na mapato madogo kwa mwekezaji katika miaka kumi au zaidi inayofuata, na hata hivyo kwa wastani tu. Juu ya mwezi ujao haukwambii kitu.

"Wastani ni 17, kwa hiyo chochote chini ya 17 ni rahisi hata kwetu"

Hiyo 17 ni ya makampuni makubwa ya Marekani, kwa dola na kwa riba za kwao. Soko letu lilianza kuuza hisa Aprili 1998, kwa kampuni ya gesi ya TOL, na ya bia, TBL, ikafuata mwaka huo huo. NMB iliingia 2008, CRDB 2009. Vodacom iliuza hisa zake kwa shilingi 850 na kuorodheshwa 2017. Kwa umri huo hatuna karne ya takwimu za kutupatia kawaida yetu.

Kilichopo cha kulinganishia ni hati fungani za serikali, ambazo ukizinunua unaikopesha serikali nayo inakulipa riba. Za muda mrefu zimewahi kulipa zaidi ya asilimia 15 kwa mwaka, na mtu mwenye njia hiyo hana haraka ya kulipa mara 20 ya faida ya kampuni. Geuza uwiano wa 20 juu chini, yaani gawanya 1 kwa 20: unapata asilimia 5. Watu wengi wanaishia hapo na kusema 15 ni kubwa kuliko 5, mjadala umekwisha. Haujaisha. Ile 5 imeshaondolewa mfumuko wa bei, ile 15 bado. Toa mfumuko kwanza kwenye riba, ndipo ulinganishe. Mara nyingi hati fungani itashinda bado, ila kwa pengo dogo kuliko linavyoonekana kwenye tangazo.

"Inafaa kwa kampuni yoyote"

Shiller aliitengeneza kwa soko zima, ambapo kampuni inayokufa inafidiwa na inayokua. Kwa kampuni moja, kwanza jiulize kama ni kampuni ile ile ya miaka kumi iliyopita. Iliyonunua mwenzake, iliyouza nusu ya biashara au iliyoingia deni kubwa juzi ina historia isiyoihusu sana. Benki zina jambo la ziada: kanuni za kimataifa za kutenga fedha kwa ajili ya mikopo mibovu zilibadilika kuanzia 2018, kwa hiyo faida za kabla na baada hazipimwi kwa rula moja.

Kampuni inayokua inaonewa pia. Kama faida yake halisi inaongezeka asilimia 7 kila mwaka, wastani wa miaka kumi ni robo tatu tu ya faida ya mwaka wa mwisho, hata kama hakukuwa na mwaka mbaya hata mmoja. Hisa inayouzwa mara 10 ya faida ya sasa itaonekana kuwa zaidi ya mara 13. Mfuasi wa njia hii anayeikataa kila kampuni inayokua atabaki na zile zinazodumaa.

Halafu kuna idadi ya hisa, na hapa ndipo nimeona watu wazima wakipotea. Kampuni ikigawa kila hisa moja kuwa tano, faida kwa kila hisa ya miaka ya nyuma inabidi igawanywe kwa tano kabla ya kuingia kwenye wastani. Ikitoa hisa mpya kwa wanahisa kwa bei ya chini ya soko, marekebisho yanahitajika vilevile. Usijumlishe tu tarakimu kutoka ripoti kumi tofauti: ripoti ya kila mwaka huonyesha mwaka wake na uliotangulia, ukiwa umerekebishwa. Linganisha tarakimu ya 2019 kwenye ripoti ya 2019 na ile ile kwenye ripoti ya 2020. Zikitofautiana, soma maelezo ya hesabu ujue kwa nini.

Na kabla hujaandika bei juu ya mstari wa kugawanya, angalia hisa hiyo iliuzwa lini mara ya mwisho. Soko letu lina hisa zinazokaa wiki nzima bila mtu kununua hata moja. Bei unayoiona kwenye simu inaweza kuwa ya mnunuzi mmoja wa mwezi uliopita, aliyechukua hisa hamsini.