Rosmari ikikauka, usikimbilie kopo la maji

Majani ya rosmari yakianza kukauka kuanzia kwenye ncha, wengi husema ina kiu, wakaimwagilia asubuhi na jioni. Mara nyingi hapo ndipo wanapoiua.

Asili ya kichaka hiki ni miteremko ya mawe kandokando ya Bahari ya Mediterania. Chuma jani moja uligeuze: ni jembamba kama sindano, kingo zimejikunja kwa ndani, na upande wa chini una vinyweleo vyeupe. Yote hayo ni ya kubana maji yasipotee. Mizizi ikikaa kwenye tope hukosa hewa na kuoza, na mizizi iliyooza hainyonyi maji. Ndiyo maana mmea hunyauka huku udongo umelowa.

Chomeka kidole sentimita 5. Ukihisi unyevu, acha kumwagilia. Kisha itoe kwenye chungu: mizizi mizima ni myeupe na migumu, iliyooza ni ya kahawia, inateleza na kunuka. Ikate hiyo yote, kisha uupande mmea upya kwa udongo sehemu 2 na mchanga wa chenga sehemu 1 (wa ujenzi, si wa baharini, kwani wa baharini una chumvi). Kisahani cha chini kiondoe, hasa wakati wa masika.

Ikiwa mizizi imekwisha yote, kata ncha mbichi za sentimita 10, pukuta majani ya nusu ya chini, uzichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kivulini. Huota mizizi baada ya wiki 4 hadi 6.