Heshima ya mpiganaji, kutoka Shela hadi zama za rashasha

Ngome ya Lamu, iliyokamilika mwaka 1821, ilijengwa baada ya vita vya Shela, ambako majeshi ya Mombasa na Pate yalishindwa na watu wa Lamu. Vilikuwa vita vya panga, mikuki na bunduki za kushindiliwa baruti, na mpiganaji alimwona adui yake usoni. Mara nyingine alijua hata ukoo wake, kwa kuwa miji hii ilioana na kufanya biashara. Washairi nao walishiriki: Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walijibizana kwa tungo. Fahari ya namna hiyo haikuwezekana bila watu wa kuishuhudia.

Rashasha aliyoibuni Hiram Maxim mwaka 1884, yenye kufyatua risasi zipatazo 600 kwa dakika, ilivunja msingi huo. Huko Omdurman, Sudan, tarehe 2 Septemba 1898, wafuasi wa Khalifa Abdullahi, mtawala wa nchi hiyo, wapatao 10,000 waliuawa, ilhali jeshi la Uingereza na Misri lilipoteza watu wasiofika 50. Wasudani wale walisonga mbele kwa ushujaa usio na shaka, lakini wengi wao hawakufika hata karibu na waliowaua. Ulaya yenyewe ilionja msiba huo tarehe 1 Julai 1916, Waingereza zaidi ya 19,000 walipokufa kwa siku moja huko Somme, Ufaransa, katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Katika vita hivyohivyo makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa, wengi kwa maradhi na uchovu. Naona hilo ndilo linalostahili kutuuma zaidi, kwani wengi wao hawana kaburi linalojulikana, sembuse utenzi.

Ndipo heshima ikaanza kutafutwa kwingine: katika namna mwenye nguvu anavyojizuia. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, ambayo Kenya ilijiunga nayo mwaka 1966, inawalinda majeruhi, mateka na raia. Kwa Waislamu wa pwani yetu wazo hilo si geni, kwa maana Abu Bakr aliyaagiza majeshi yake yasiue wanawake, watoto wala wazee, na yasikate miti yenye matunda. Jipya ni kwamba leo askari anayeshambulia kwa ndege isiyo na rubani, akiwa mbali na uwanja wa vita, anafungwa na sheria ileile, na kisingizio cha kutii amri iliyo haramu waziwazi hakimwondolei hatia.