Je, wajua kwa nini anayeishi na VVU huambiwa aongeze chakula hata kama haumwi?

Ukipita Soko la Majengo hapa Dodoma mjini, chota karanga zijae kiganja kimoja. Hizo ni kama gramu 40, na zina kalori zipatazo 230. Kiganja hicho kinakaribia sana jibu la swali ambalo wengi hutoka nalo kliniki: mbona naambiwa niongeze chakula, na mimi naona niko sawa?

Ni kwamba hata ARV zikishavifubaza virusi, kinga ya mwili hailali. Inaendelea kukesha, na kukesha kunakula nguvu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mtu mzima mwenye VVU asiye na dalili huhitaji nishati zaidi kwa asilimia 10. Akiugua, au akiwa anapona, ni asilimia 20 hadi 30. Anayekula kalori 2,300 kwa siku, nyongeza yake ni 230. Kiganja kile kile cha karanga!

Kwa hiyo usiuze kuku ununue unga wa kopo wenye picha ya mtu mwenye misuli. Ugali wa uwele, mlenda uliotiwa karanga za kutwanga, kunde au choroko pembeni: chakula cha Wagogo kinatosha kabisa kuanzia. Kazi ipo kiangazi, maana mvua zetu zikiisha mwezi wa nne, mboga inayobaki ni ya kukausha. Ianike kivulini. Jua kali huharibu sehemu kubwa ya virutubisho ambavyo mwili hugeuza kuwa vitamini A, na utaona mwenyewe majani yanavyopauka.

Lakini chakula peke yake hakirudishi msuli. Mtu akiugua, mwili huchota protini hadi kwenye misuli, ndiyo maana mapaja hupungua. Msuli hurudi ukipewa kazi: keti kwenye kigoda, simama bila kujishika popote, rudia mara 10, pumzika, rudia tena. Ongeza kutembea kwa haraka nusu saa, siku 5 kwa wiki. Kama umetoka kitandani juzi, anza na dakika 5 tu, wala usione aibu.

Kuna wanaonenepa wakitumia dawa za sasa zenye dolutegravir. Ukiwa miongoni mwao, usiongeze sahani. Ongeza mwendo, na uombe kupimwa presha na sukari siku ya kliniki.

Na wewe mama mjamzito uliyepewa vidonge vya madini ya chuma, hili nakuomba ulishike: vinywe pamoja na dolutegravir wakati wa mlo. Kama hujala, dolutegravir itangulie kwa saa 2, au uisubirishe saa 6 baada ya vidonge vya chuma, kwa sababu tumboni chuma huikamata dawa isiingie vizuri kwenye damu.