Katizo la pamoja: laini moja, vifaa kadhaa

Kadi ya mtandao ikipokea data haingoji kuulizwa. Inaishtua prosesa, nayo huacha kazi iliyokuwa mkononi, huweka alama ilipofikia, huendesha draiva ya kadi hiyo, yaani programu inayoihudumia, kisha hurudi kuendelea. Mshtuo huo ndio katizo.

Laini za kupitishia makatizo zilikuwa chache tangu zamani. Kompyuta ya IBM PC/AT ya mwaka 1984 ilikuwa nazo 16, na moja ilitumika kuunganisha chipu zake mbili za 8259A zinazopokea makatizo, zikabaki 15. Basi la PCI, yaani njia ya kuunganisha kadi na kompyuta, lilipokuja, vifaa viliruhusiwa kuchangia laini.

Hebu fikiria nyumba ya wapangaji yenye geti moja na kengele moja. Ikilia, anayejua mgeni ni wa nani hayupo, kwa hiyo kila mpangaji hutoka kuchungulia. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo endeshi, hufanya hivyo hivyo: huita draiva zote zilizojiandikisha kwenye laini hiyo. Kila moja husoma rejista ya hali ya kifaa chake, yaani sehemu inayoonyesha kama ndicho kilichoita, kisha hujibu IRQ_HANDLED, yaani ni wangu nimemhudumia, au IRQ_NONE, si wangu.

Jambo ninalotaka lieleweke vizuri ni kwamba kengele ya PCI haigongwi mara moja ikanyamaza. Kifaa huishikilia laini mpaka kihudumiwe. Vifaa viwili vikibisha pamoja na kimoja kikamaliza, laini bado imeshikwa na cha pili, na katizo hurudi. Kwenye kadi za ISA, basi la zamani kabla ya PCI, prosesa iliona ukingo tu, yaani pale ishara inapobadilika. Wa pili akibisha wakati laini tayari imeshikwa, hakuna badiliko jipya, naye husahaulika.

Mpango mzima unategemea ukweli wa draiva. Kifaa kilichozimwa umeme, kikisomwa, mara nyingi hurudisha 0xFFFFFFFF, yaani biti zote zikiwa 1. Draiva isiyo makini huona hapo kila aina ya katizo na kudai mgeni asiye wake. Kosa la upande wa pili ni kifaa kushikilia laini huku draiva zote zikikana. Kati ya makatizo 100,000, zaidi ya 99,900 yakikosa mwenyewe, kerneli huandika kwa mfano «irq 16: nobody cared», yaani laini ya katizo namba 16 haikuhudumiwa na yeyote, na kuifunga laini. Anayeumia ni jirani asiye na hatia: sauti hukwama au USB huganda, na fundi huanza kubadilisha kifaa kizima kisicho na kosa lolote.

Siku hizi vifaa vingi hutumia MSI, ambapo kifaa huandika ujumbe mfupi kwenye anwani maalumu ya kumbukumbu badala ya kushika laini; MSI-X huruhusu hadi ujumbe 2,048 kwa kifaa kimoja. Kwenye Linux, fungua faili /proc/interrupts uone. Mstari wenye PCI-MSI una mwenyewe mmoja. Ule wa IO-APIC, chipu inayopokea laini za makatizo, wenye majina mawili yaliyotenganishwa kwa mkato, kwa mfano ehci_hcd:usb1, snd_hda_intel, ndipo penye geti la pamoja.